Nta Mara Mbili

Wiki jana tulimzika Mama Ongeri, na pale kaburini kila mtu alikuwa na hadithi ya maombi yake. Huyu anasema aliomba mpaka ugali ikapoa, yule anasema aliomba mpaka ndama akamaliza maziwa yote ya jioni. Watu walicheka na machozi yakiwa kwa macho, hata pasta alicheka, akatoa miwani akapangusa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti ya plastiki yenye mguu mmoja umelegea, nimenyamaza, na watu wananijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Ni kwa sababu ombi refu kuliko yote Mama Ongeri aliliomba kwa nyumba yangu hapa Kiogoro, na wakati huo mimi sikuwa nimefumba macho. Nilikuwa chumba cha pili, nimeshika bisibisi, namwambia Mungu asimsikilize huyo mama.

Wacha nieleze vizuri. Mwaka ule nilikuwa na miaka sitini na sita, na nilidhani nimemaliza kufundishwa. Shule nilifika darasa la tatu nikaachia hapo. Lakini mwaka ule nilifundishwa na mjukuu wangu Kerubo, na nilifundishwa na jiwe dogo kama ukucha wa kidole gumba. Kerubo alikuwa amemaliza college mjini, akarudi kwangu na kompyuta kubwa nyeusi ya mkono wa pili, akaiweka kwa chumba nilichokuwa naweka ndizi ziive. Harufu ya ndizi haikutoka, na mpaka leo nikisikia ndizi imeiva sana nasikia pia feni ikilia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nyumba ambazo hazijajengwa. Kweli. Anachora ndani ya kompyuta, halafu unaingia kwa hiyo nyumba kwa macho, unapanda ngazi, unafungua dirisha, unaona jua limelala kwa sakafu. Nilimuuliza, "Na huyu mwenye nyumba analala wapi sasa?" Akasema, "Magokoro, bado hajajenga." Magokoro ndiyo bibi kwa Kikisii. Nikasema basi ni kama mbinguni, tunaonyeshwa kwanza.

Tulicheka sana mwanzo wa mwaka. Katikati ya mwaka tuliacha kucheka. Kerubo aliandika barua za kazi mpaka nikafikiri vidole vitatoka, na majibu hakuna. Asubuhi nampikia uji wa wimbi, anakunywa nusu. Jioni nampikia chinsaga, mboga chungu za kwetu, zile nachemsha pole pole na maziwa siku ya pili mpaka uchungu unaisha, chakula ambacho akiwa mdogo alikuwa analamba sufuria, na sasa anaguza tu. Kisha siku moja nikiwa naanika nguo nikamsikia akiongea na simu nyuma ya choo, sauti ya chini, Kiswahili ya heshima. "Ndiyo dada. Pasipoti iko. Hapana, sina mtoto. Ndiyo, naweza kupika, naweza kuosha wazee." Nikajua. Ni yule dada wa ofisi ya mjini anayepeleka wasichana Uarabuni. Niliendelea kuanika shati moja hiyo hiyo, naitoa, naianika tena.

Unaona, Mama Ongeri alikuwa na binti, Moraa. Moraa alienda huko huko. Mwanzo alipiga simu kila Jumapili, halafu mara moja kwa mwezi, halafu ile sauti ya mwanamke ikawa inasema mteja hapatikani kwa sasa. Hiyo "kwa sasa" imekuwa miaka. Mama Ongeri hakuwahi kulalamika mbele ya watu. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kila msichana akisafiri ni yeye anakuja kumwombea, kwa sababu ni kazi yake na hakuna mwingine. Mimi nilikuwa namwangalia akiomba, najiuliza hiyo sauti anaitoa wapi.

Sasa, mwisho wa mwaka ofisi moja ya Nairobi ikamjibu Kerubo. Walimtumia ramani ya nyumba kubwa ya ghorofa, wakasema tengeneza sinema ya hii nyumba, utume kabla Jumamosi iishe, tukiipenda tutakupa kazi na utafanyia huko huko kwenu. Kerubo aliruka, akanishika, tukazunguka jikoni kama watoto. Nikachinja kuku siku hiyo. Nilichinja mapema sana, kwa sababu kompyuta ilikataa. Ile kazi ilikuwa inafanya kompyuta ihesabu siku mbili bila kupumzika, na hiyo kompyuta ikihesabu dakika kumi inapata moto, inajizima yenyewe, tap. Inawashwa, inajizima. Akaifungua akanionyesha. Katikati kuna kitu inaitwa prosesa, ndiyo inafikiri, na juu yake kuna kifuniko cha chuma, na chini ya kifuniko dawa ya kupitisha moto ilikuwa imekauka kama matope ya kiangazi. "Moto unazaliwa hapa ndani na hauna njia ya kutoka," akasema. Akachukua wembe, akaupasha moto, akakata ile gundi ya kifuniko pole pole, asubuhi nzima, mimi nimemshikia tochi. Kifuniko kikatoka, lakini kikapinda, na hakingerudi. Prosesa ikabaki uchi, nyeusi, inang'aa kama jicho la kuku.

Nikauliza hiyo ni nini. Akasema, "Ni jiwe, Magokoro. Ni mchanga walioyeyusha wakakata. Ukiifinya kona moja tu, inavunjika, na sina ingine."

Hapo mimi nikaweka tochi chini. Nikamwambia, "Kama ni jiwe, kwa nini hukuniita mapema?" Kwa sababu kabla ya kuja Kiogoro nilikaa miaka mingi Tabaka, na Tabaka ni kijiji cha mawe laini ya kuchonga. Wanaume wanachonga, sisi wanawake tunakaa na karai ya maji na msasa, tunasugua viboko, twiga, sahani, mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Mimi kidole changu kinajua kama kitu iko sawa kuliko macho ya mtu. Kerubo akacheka, mara ya kwanza tangu kompyuta ikatae. Akaniletea bloku. Hiyo bloku ni kipande cha shaba kama kiganja cha mtoto, ndani yake maji yanapita, yanabeba moto, yanapeleka kwa mipira mpaka kwa rejeta ndogo kama ya gari, yanapoa, yanarudi. Alikuwa ameipata kwa kompyuta nyingine iliyokufa. Shida ni mbili. Ilitengenezwa ikae juu ya kifuniko, na sasa hakuna kifuniko, kwa hivyo ilikuwa inaelea haifiki chini. Hiyo Kerubo akaitengeneza, akapunguza ile miguu inayoshika bloku kwa tupa. Shida ya pili, uso wake wa chini haukuwa sawa. Nilipitisha kidole tu nikasema, "Hii imefura tumbo hapa katikati." Akaweka rula juu yake, akaangalia kwa mwangaza wa dirisha, akasema, "Magokoro, umejuaje?"

Basi Jumanne akaenda mjini kutafuta maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, ndiyo ya kuweka ndani ya mipira. Akaniachia bloku na msasa wa aina tatu. Mimi nikatoa kioo ya dirisha moja lililovunjika, nikaiweka kwa meza, nikalaza msasa juu, nikamwaga maji, nikaanza. Nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Nilisugua nikizungusha kama naandika namba nane, nane, nane, nane, kama tulivyofundishwa, usibonyeze upande mmoja. Nilichora mistari na kalamu kwa uso wa bloku, nikasugua mpaka mistari yote ikaisha pamoja, ndiyo unajua tumbo limeisha. Msasa mkali, msasa wa katikati, msasa laini. Na nilipomaliza nikafanya vile mkono wangu umefanya maisha yote. Nikakausha na leso, nikafungua mkebe wa nta, ile ya sakafu isiyo na rangi, nikapaka, nikangoja, nikasugua, nikapaka mara ya pili. Tabaka wanasema jiwe bila nta limelala. Kerubo aliporudi nikamwonyesha, akajiona uso wake wote na meno. Akasema, "Hii ni kioo." Sikumwambia habari ya nta. Sikuficha. Ni kama mtu akuulize kama uliweka chumvi kwa mboga.

Jioni ya hiyo siku, jua likiwa linashuka, akaweka dawa mpya juu ya prosesa, tone dogo la kijivu, akalaza bloku, akaanza kukaza skurubu nne. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nikasikia "tik" kidogo. Akasimama. "Umesikia?" Nikasema ni bati la nyumba linapoa. Akawasha. Maji yakapita kwa mipira, yanang'aa, kitu nzuri sana kuangalia. Kwa skrini kuna namba ya moto. Hamsini. Sabini. Tisini. Tisini na tisa. Tap. Giza. Akangoja ipoe, akawasha tena. Tap. Mara ya tatu chumba kikawa na harufu, na Kerubo akakaa chini kwa sakafu na mgongo kwa gunia. "Nimeivunja," akasema. "Ile sauti. Nimevunja kona." Nikasema tufungue tuone. Akasema, "Magokoro, tafadhali. Niache." Hajawahi kuniambia niache.

Jumatano asubuhi nikasikia tena Kiswahili ya heshima nyuma ya choo. Gari ingekuja Jumapili. Akatoa sanduku, akakunja nguo, akazipanga, akazitoa, akazikunja tena, na hatusemezani. Nikipita mlangoni anajifanya anatafuta soksi. Nilipika chapati sita, tukala moja, nusu yangu, nusu yake. Sijui kama wewe umewahi kukaa kwa meza na mtu ambaye ameshaenda. Anakupitishia chumvi, lakini ameshaenda. Nilikuwa nataka kumwambia usiende, na nilikuwa nauliza, nikimwambia abaki, abaki kufanya nini? Kuangalia ndizi zikiiva? Nilienda shambani nikalia huko, nikiwa nimejifanya nakata majani ya ng'ombe, na ng'ombe ikaniangalia vibaya kwa sababu majani haikuona.

Alhamisi akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja saa tisa kumwombea safari. Mgeni haingii kwa sakafu chafu, kwa hivyo asubuhi nikafagia, nikaosha, nikachukua ule mkebe wa nta, nikapiga magoti, nikapaka simiti yote ya sebuleni. Nilikuwa napaka nikilia, na machozi yakianguka kwa nta yanakaa juu kama shanga. Ikafika saa nane nikatoa sufuria ya chai kwa moto, nikaiweka chini hapo mlangoni nitafute chupa. Sufuria ilikuwa moto, sakafu ilikuwa na nta. Harufu ikapanda. Nikasimama na chupa mkononi. Hiyo harufu naijua. Ni ya juzi. Ni ile ya chumba cha kompyuta.

Niliingia kwa Kerubo bila kubisha. Nikasema, "Mjukuu, dawa ya kupitisha moto na nta, hizo zinapatana?"

"Nta gani?"

"Ya sakafu."

Akaniangalia. "Magokoro. Ulipaka nta kwa bloku?"

"Kidogo."

"Magokoro."

"Mara mbili."

Nilidhani atanipigia kelele, na ningefurahi, heri kelele. Akaketi kwa kitanda juu ya nguo zake za safari, akafunika uso, mabega yakatetemeka, na sikujua ni kucheka au kulia, nafikiri hata yeye hakujua. Kisha akasema, "Moto ulikuwa unagonga mlango na wewe umeufungia na nta." Nikasema, "Na jiwe?" Akatoa mikono kwa uso. "Jiwe sijui. Tufungue tuone."

Tulifungua. Kwa bloku kulikuwa na uji wa kijivu umechanganyika na nta, unateleza kama mafuta ya ng'ombe. Akapangusa na spiriti ya hospitali, mara tano, mpaka pamba ikatoka safi. Akapangusa jiwe. Akainama, akaangalia kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kona ya nne akaangalia sana. "Iko mzima," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile tik ilikuwa bati." Na hapo hapo nikasikia nje, "Hodi hapa? Bwana asifiwe." Akina mama saba, na Mama Ongeri mbele na mkoba wake.

Nikatoka nikawakaribisha, nikawaketisha, nikamwaga chai na mikono yenye spiriti. Mama Ongeri akauliza msafiri yuko wapi. Nikasema anajitayarisha. Akauliza, "Na wewe mbona unanuka kama sindano?" Nikasema nina vidonda vya miguu. Mungu anisamehe. Akaniangalia, akaangalia mlango wa chumba cha pili, akasema, "Sawa. Sisi tutaanza. Wewe enda ukamsaidie kujitayarisha." Wakafumba macho. Nikaingia ndani.

Kerubo alikuwa ameweka tone jipya, na mikono ilikuwa inatetemeka vibaya zaidi ya Jumanne. Akanipa bisibisi. "Nitashika bloku. Kaza wewe. Nusu mzunguko tu, halafu unavuka, ile ya upande mwingine." Nikakaza. Kule sebuleni Mama Ongeri anaomba, "Baba, mtangulie binti huyu kwa ndege." Kerubo ananong'ona, "Nusu. Vuka. Nusu." "Mpe kibali mbele ya matajiri wake." "Nusu. Sasa ile ya juu." Mimi nasema moyoni, Baba, usimsikilize, nisikilize mimi, mimi niko karibu. Mkono wangu haukutetemeka. Jiwe lolote ukilibonyeza upande mmoja linavunjika, ukizunguka nalo pole pole linakubali, hiyo sikuhitaji kufundishwa. Nikafika mahali skurubu inasema imetosha, si kwa sauti, kwa mkono. Nikaacha. Kerubo akasema, "Ongeza kidogo?" Nikasema hapana. Kule nje ombi limefika kwa Ibrahimu, limepita kwa Yusufu kule Misri, limerudi nyuma kwa Nuhu, na Nuhu hakusafiri kwa ndege. Mama mmoja alikohoa kikohozi cha kuchoka. Ombi likaendelea.

Akawasha. Arobaini. Hamsini. Akaiambia ianze ile kazi ya sinema. Hamsini na tano. Sitini. Sitini na tatu. Nilishika kitanda. Sitini na nne. Sitini na tatu. Sitini na nne. Ikakaa hapo. Dakika kumi tulisimama tumeshikana, tunaangalia namba mbili kama watu wanaangalia mtoto amelala. Kerubo akasema, "Imeshika." Na kule sebuleni nikasikia, "Amina."

Ilihesabu Alhamisi, ikahesabu Ijumaa. Ijumaa jua likaanza kuzama, na nyumba yangu ni ya Wasabato, jua likizama Ijumaa hakuna kazi, hata sindano inapumzika. Kerubo alilelewa hivyo. Alisimama mbele ya kompyuta na kidole kwa swichi, haniangalii. Ningesema izime, angezima, na Jumapili angeenda. Nikasema, "Ng'ombe hutafuna Sabato yote na hakuna mtu anamkemea. Wacha itafune." Jumamosi tukaenda kanisani, na kwa wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho mimi nilikuwa nasikia pampu. Jua lilipozama akatuma ile sinema. Tukangoja. Simu haikulia.

Jumapili asubuhi gari ya yule dada ikapiga honi kwa lango, na jibu la Nairobi hakuna. Mama Ongeri alikuwa amekuja na kuku wa kuchoma ndani ya karatasi, chakula ya njia. Kerubo akatoka na sweta, bila sanduku. Akaongea na dereva kwa dirisha, sikusikia. Gari ikageuka. Akarudi, akaniambia, "Bado hawajajibu. Lakini siendi." Nikakaa kwa ngazi. Nilikuwa nimeomba abaki, sasa amebaki, na mkononi hana kitu.

Nilimwangalia Mama Ongeri, nikitafuta la kumwambia juu ya ombi lake. Yeye alikuwa ameshafungua karatasi, anagawa kuku kwa mikono. Akanipa paja. Akasema, polepole, Kerubo asisikie, "Alhamisi niliwasikia. Nusu, vuka, nusu. Sikujua mnafanya nini, lakini nilisikia si mtu anapanga sanduku."

Nikasema, "Na bado uliomba aende."

"Niliomba ombi refu," akasema. "Wale wamama wangemaliza kuomba, wangetaka kumwona. Nilifika mpaka kwa Nuhu. Kama mngechelewa kidogo ningeingia kwa kitabu cha Hesabu, makabila yote kumi na mawili." Akatafuna. "Mtu akiomba hivyo, jua macho yake yako wazi."

Jibu lilikuja Ijumaa iliyofuata, saa kumi jioni, kabla ya jua kuzama. Halikuwa na sifa mingi. Lilikuwa na ramani ya nyumba ya pili.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo sikutoa pale kaburini. Lakini sikuenda mikono mitupu. Nilikuwa nimeagiza kipande cha jiwe Tabaka, jeupe, la ukubwa wa Biblia, wakachonga jina lake. Nikalisugua na msasa wa maji, mkali, wa katikati, laini. Kerubo aliketi karibu na mimi, akanishikia karai. Nilipofungua mkebe akaniangalia, tukacheka mpaka nikamwaga maji. Nikapaka nta mara mbili. Hili jiwe halina moto wa kupitisha, linaweza kung'aa tu.